Kabari ya Mama

Mwezi uliopita nusura nifukuzwe kwenye dirisha la wazee. Nilikuwa hospitalini kupima shinikizo la damu, kama ninavyofanya kila baada ya miezi mitatu, nimesimama zangu nyuma ya bibi mmoja mwenye bakora. Binti wa mapokezi akanitazama juu hadi chini, akaniambia kwa upole kwamba pale ni pa wazee, foleni ya vijana ni ile nyingine. Nikatoa kitambulisho. Akakisoma, akanitazama, akakisoma tena, kisha akaniuliza kama ni changu au cha baba yangu. Nilipomwambia kwamba nina miaka sitini na tisa, aliinuka kitini, akakunja goti kidogo na kusema shikamoo. Nikaitikia marahaba, na foleni nzima ikageuka kunikagua kama ng'ombe wa mnadani.

Tangu siku hiyo habari imetembea hapa Kahama, na ninyi vijana wa karasha la kusaga mawe mmeanza kunijia nyumbani mmoja mmoja. Mnajifanya mmekuja kuazima baiskeli, kumbe mnataka kujua natumia dawa gani. Mmoja wenu, sitamtaja, alikuja na makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu akaniuliza lipi kati ya hayo ndilo ninalokunywa. Basi nimeona niandike, nimalize, maana baiskeli yenyewe inaanza kuchakaa kwa kuazimwa.

Mimi si daktari, wala si mganga. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa matimba kwenye machimbo madogo ya upande wa Geita. Ninyi mnaosaga mawe huku juu pengine hamjawahi kumfikiria mtu wa matimba. Duara, yaani shimo la dhahabu, likichimbwa kwenda chini, ukuta wake hautaki kukaa. Unataka kurudi pale ulipotolewa. Fundi wa matimba hushuka na magogo, akayapanga kuuzunguka ukuta na kuyakaza kwa kabari za mti, ili mwenye kuchimba apande jioni akiwa mzima. Wenzangu walishuka kutafuta dhahabu. Mimi nilishuka kutafuta sauti.

Sauti hiyo nilifundishwa na Mzee Shija. Nilipofika machimboni nilikuwa na miaka ishirini na tisa, naye alikuwa amekaribia sitini. Mtu mwembamba, mfupi, miguu imekauka kama mpini wa jembe. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, alikuwa akiteremka peke yake na kinyundo kidogo, akigonga gogo moja baada ya jingine huku ameinamisha kichwa. Gogo lililobana hulia kifupi na kavu. Gogo lililolegea hulia kizito, kama mtu anayeongea huku ana ugali mdomoni. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuzitofautisha sauti hizo mbili, na katika mwaka huo nilifanya kosa ambalo ndilo chanzo cha haya yote ninayowaandikia.

Nilitaka kumfurahisha mzee. Nilitafuta gogo nene, lililonyooka, zuri kuliko yote yaliyokuwa pale juu, nikalishusha na kulisimamisha mahali ambapo watu wote wangeliona wakishuka. Nililinyoosha vizuri kabisa. Ila pale nilipoliweka ukuta ulikuwa umerudi nyuma kidogo, kwa hiyo halikubanwa na kitu, na mimi sikutia kabari kwa sababu kabari ingeliharibia sura. Mzee Shija alipopita aligonga mara moja tu, akanitazama. Kisha akalivuta kwa mkono mmoja, likaanguka chini, hatua moja kutoka mguuni kwangu.

Sikuamini. Gogo lile tulilibeba watu wawili kulileta. Mzee hakunikaripia. Aliokota kabari kwenye mfuko wake wa gunia, akalisimamisha upya, akaigonga kabari taratibu mpaka gogo likalia kikavu, ndipo akasema, "Masanja, mti usiobeba kitu haujui kusimama." Nilidhani ananifundisha matimba. Miaka ishirini na kitu baadaye ndiyo niligundua kwamba nilikuwa nimefundishwa jambo jingine kabisa, na nusura nilijue nikiwa nimeshachelewa.

Kwanza niwaambie kuhusu mwili wa mzee yule, maana hata leo nikiukumbuka nashangaa. Ngazi zetu zilikuwa za miti, zimefungwa kwa kamba na nyaya, moja inaishia pale nyingine inapoanzia. Sisi wenye miaka thelathini tulipokuwa tukipanda jioni tulisimama njiani mara tatu, mara nne, tumekumbatia ngazi, tunahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Mzee Shija hakusimama. Alikuwa amefunga mdomo, anavuta pumzi kwa pua, hatua mbili anavuta, hatua mbili anatoa, anapanda tu. Akifika juu alikuwa na uwezo wa kukusalimia sentensi nzima. Hakutaka mtu aongee ngazini. Hakutaka pia kushuka na mtu aliyegombana naye. Kama kulikuwa na neno kati yenu, alikuita pembeni mlimalize kabla ya kushuka, kwa sababu alisema hasira ina uzito wake na hakuna sababu ya kuishusha na kuipandisha bure.

Kisha kulikuwa na kuoga. Hapa vijana mtacheka, lakini wazee wenu wanajua kwamba sitanii. Machimboni kulikuwa na masharti. Duara likianza kutema, yaani likianza kutoa, mganga wa mwenye duara aliagiza kwamba asioge mtu. Vumbi la mwamba ndilo lilikuwa bahati yenyewe, na ukilimwaga na maji umemwaga riziki ya kundi zima. Wanaume wazima walikaa wiki tatu na vumbi masikioni, puani, kwenye kope, wanalala nalo na kula nalo, na wanajivunia. Mimi pia nilikaa nalo. Nilinuka mpaka mbwa wa mama ntilie alinipisha njia.

Mzee Shija alioga kila jioni. Alichemsha maji kwenye debe, akaoga, akapenga pua mpaka ikatoka safi, akafua kile kitambaa alichokuwa akikilowesha na kujifunga usoni kila walipokuwa wakitoboa mwamba. Kisha alikaa juu ya gogo, akanyoosha miguu, akavikanda viungo vyake kimoja kimoja kwa mafuta ya ng'ombe, polepole, kama mtu anayekagua mali yake. Wakati fulani duara lilikauka na watu wakasema ni yeye aliyeosha bahati. Walikwenda kwa mwenye duara wakataka afukuzwe. Mzee aliposikia aliwajibu kwamba bahati yake yeye iko kifuani, na kwamba akifukuzwa ataondoka nayo. Hakufukuzwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kugonga magogo. Wengi wa wale waliomsema nimewazika mimi mwenyewe, vifua vimewaka, hawana pumzi ya kumaliza sentensi. Walikuwa vijana kuliko yeye kwa miaka ishirini. Inaniuma kuandika hivyo, kwa sababu nilikaa nao, nilikula nao sahani moja, na mimi nilianza kuoga kwa kumuiga mzee tu, wala si kwa akili yangu.

Sasa nije kwa mama.

Nilipokuwa na miaka hamsini duara letu lilitema kuliko wakati wowote, na mimi nikapata mgao wangu. Nikajenga hapa Kahama. Nyumba ya matofali, vigae chini, kochi kubwa la rangi ya damu ya mzee. Na kwetu mnajua ilivyo: mtoto akipata kitu, jambo la kwanza ni kumpumzisha mama yake. Mtoto aliyepata halafu mama yake bado anaonekana na jembe, huyo anasemwa mpaka msibani. Mama yangu, Minza, alikuwa kijijini huko ndani ya Tinde, ana miaka sabini na miwili, amelima tangu alipokuwa hajaota meno ya utu uzima. Nikaenda kumchukua.

Naikumbuka siku ile. Tuliposhuka kwenye basi hapa stendi, mama alikuwa na jogoo kwapani, furushi la michembe, viazi vikavu vya kwetu, kichwani, na alinitangulia. Mimi nilikuwa nimebeba mkoba tu na nilikuwa nikimwomba apunguze mwendo. Alikuwa anawasalimia watu asiowajua, mwangaluka huyu, mwangaluka yule, na wengine walimwitikia kwa Kisukuma wakidhani wamesahau wamemjulia wapi. Tulipofika nyumbani nilimkalisha kwenye kochi, nikamwambia mbele ya watu, "Mama, umelima vya kutosha. Hapa hutagusa kitu." Majirani walipiga makofi. Mke wangu, Mama Kabula, alimletea soda baridi. Nilijisikia mwanaume aliyekamilika.

Na kweli hakugusa kitu. Akitaka kufagia, mke wangu alimpokonya ufagio kwa heshima. Akitaka kuchambua mboga, tulimwambia aache, kuna binti wa kazi. Asubuhi alikunywa chai yenye sukari nyingi na mkate mweupe, mchana wali, jioni wali, soda katikati. Ugali wa uwele, mlenda, maziwa ya mgando, vyote hivyo tuliviona ni vyakula vya dhiki, tukamwepusha navyo. Nilipokuja likizo kutoka machimboni nilimkuta pale pale kwenye kochi, mbele ya televisheni, amenenepa, na mimi nikawa namshukuru Mungu.

Miezi kumi haikufika. Kwanza miguu ilivimba. Kisha akawa anahema akitoka kochini kwenda chooni. Kisha akawa anamsubiri mtu wa kumshika mkono. Nilirudi siku moja nikamkuta amekaa, nikamsalimia shikamoo mama, akaitikia, akajaribu kuinuka anipokee kama ilivyo desturi yake. Hakuweza. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu aliniangalia kwa aibu, mama yangu, aliyenibeba mgongoni akipalilia pamba, akaniomba radhi kwa kutoinuka. Vijana, sijawahi kuogopa hivyo, hata ndani ya duara.

Tulimpeleka hospitali. Wakampima, sukari iko juu, presha iko juu, wakampa dawa na wakatueleza namna ya kuzitumia, na dawa hizo alizinywa mpaka mwisho wa maisha yake, msije mkasema nimewaambia muache dawa. Lakini kabla hatujatoka tulipitishwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mnene, mcheshi, mwenye mikono mipana. Alimkanda mama magoti, akaniuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuja kwangu. Nikasema alifanya kila kitu. Alilima, alichota maji, alipepeta, alichunga ndama, alicheza ngoma. Akaniuliza na sasa. Nikasema kwa fahari kwamba sasa hafanyi kitu chochote, nimempumzisha.

Yule mama hakucheka. Alimgeukia mama yangu akamuuliza anajisikiaje akiamka asubuhi. Na mama, ambaye kwa miezi kumi alikuwa akiniambia sijambo, ng'wanawane, mwanangu, Mungu akubariki, alimjibu mgeni yule, "Naamka, lakini sijui naamkia nini."

Nikaisikia sauti ile. Ilikuwa nzito. Ilikuwa ile ya gogo lililolegea, na nikaliona gogo langu zuri, nene, lililonyooka, likianguka hatua moja kutoka mguuni kwangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kama mtoto. Nilikuwa fundi wa matimba. Nimekaa miaka zaidi ya ishirini nikigonga magogo ya watu, na la kwangu mwenyewe sikuligonga.

Kesho yake nilipanda basi kwenda kwa Mzee Shija. Alikuwa ameacha kazi zamani na kurudi kijijini kwao, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Kwa hesabu yangu alikuwa amevuka themanini. Nilishuka barabarani nikaanza kutembea, na nikiwa njiani nikapishana na baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa. Ikasimama. Ni yeye. Nilipomwangalia nilisahau hata shikamoo. Meno yake yote yalikuwa mdomoni, au karibu yote, na macho yalikuwa yale yale ya kusikiliza. Nilimweleza habari za mama pale pale barabarani. Nikamwambia nataka kumrudisha kijijini kesho, nimpe jembe, aanze kulima kama zamani.

Alitikisa kichwa. Akanikumbusha kwamba kabari haipigwi kwa hasira. "Ukiipiga mara moja kwa nguvu, gogo linapasuka," alisema. "Unagonga, unasikiliza. Unagonga, unasikiliza." Kisha akapanda baiskeli yake kwa sababu maziwa yalikuwa juani.

Basi tukaanza kugonga. Yule mama wa mazoezi alikuwa ametufundisha kuinuka na kuketi: mama akae kwenye kiti kigumu, si kwenye kochi, ainuke bila kushika, akae tena. Siku ya kwanza aliweza moja na nusu. Hiyo nusu alianguka kitini tukacheka wote, naye akacheka, na nadhani kicheko kile nacho kilikuwa dawa, maana kilikuwa hakijasikika humo ndani kwa muda mrefu. Baada ya wiki akafika tano, akihesabu kwa Kisukuma kwa sauti ili jirani asikie. Soda tukaiondoa. Nikaagiza uwele, mke wangu akajifunza upya kusonga ugali wa giza, kunde zikarudi, mlenda ukarudi, na maji akawa anakunywa kabla ya chai. Mama alikula ugali ule wa kwanza, akafuta sahani kwa kidole, akasema "wabeja", asante, kama vile tumemzawadia ng'ombe.

Kilichotushinda hakikuwa ugali, kilikuwa ungo. Mama wa mazoezi alisema apewe kazi ya mikono, ndogo, lakini ya kweli, ambayo asipoifanya watu watakosa kitu. Mkimpa ya kujifanya atajua. Tukasema atapepeta mchele wa nyumba. Siku ya pili tu Mama Kabula alirudi kutoka bombani amevimba macho. Wanawake walikuwa wamesema kwamba Masanja amemleta mama yake mjini awe mtumishi. Aliniambia mambo ya kupepeta yaishe, hawezi kuishi akisemwa hivyo, na mimi, niseme ukweli, nilitaka kukubali. Nilikuwa nimejenga jina kwa kochi lile.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Alitoka, ameshika ukuta, hatua moja moja, akafika sebuleni bila kushikwa na mtu. "Mkwe wangu, nipe ungo," alisema. "Nitakaa barazani, wanione vizuri." Akakaa barazani. Akapepeta pumba zikaruka mpaka njiani. Wale wanawake walipopita aliwaita kwa majina ya watoto wao, akawauliza mchele wao unapepetwa na nani, mbona una mawe. Kabla mwezi haujaisha wanne kati yao walikuwa wakimletea wa kwao, wanakaa naye, wanapiga soga. Nami nilipokuja likizo nilikuta baraza limejaa watu na kochi tupu.

Msimu wa mvua ulipokaribia aliniambia anataka kwenda kwake, akakae na dada yangu aliyebaki nyumbani. Hakuniomba ruhusa. Nilimsindikiza mpaka Tinde, nikamwachia dawa zake na onyo refu, naye alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Nilirudi kumwona baada ya mvua mbili. Nilifika asubuhi, dada akaniambia mama yuko shambani kwa fulani, leo kuna kundi. Nilisikia ngoma kabla sijaona watu. Mnaijua bugobogobo, ngoma ya majembe, mmeiona kwenye sherehe za serikali mjini ikichezwa na vijana wenye sare. Hii ilikuwa ya kazi. Mstari wa watu kama ishirini, wanaume kwa wanawake, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, udongo mweusi unageuka, mpigaji anawatangulia. Nilimtafuta mama pembeni, mahali wanapokaa wazee na mtungi wa maji. Hakuwepo. Alikuwa mstarini, wa tatu kutoka mwisho.

Nilisimama. Mama yangu wa miaka sabini na minne, aliyeniomba radhi kwa kushindwa kuinuka, alikuwa amechomeka khanga kiunoni na jembe linapanda. Hakulipeleka juu kama wenzake wadogo, alilipeleka alipoweza, lakini lilishuka kwa wakati wake halisi, na mguu uligonga ardhi kwa wakati wake halisi, na uso wake, sijui niuelezeje, ulikuwa uso wa mtu anayejua ameamkia nini. Ngoma ilipobadilika walirusha majembe hewani. Na yeye akarusha. Si juu sana, kiasi cha kimo cha mtoto. Lilizunguka mara moja, akalidaka. Machozi yalinitoka pale kwenye tuta, na sikuyafuta. Nimeona dhahabu ikitoka kwenye jiwe mara nyingi, na kila mara watu hupiga kelele. Siku ile nilikosa hata sauti ya kupiga.

Aliniona. Hakuacha kazi. Alinionyesha kwa kidevu jembe lililokuwa limelala. Nikavua viatu nikaingia mstarini nikiwa na miaka hamsini na miwili na kitambi cha mjini. Sikumaliza tuta la pili. Nilikwenda kukaa na mtungi wa maji, nikihema, na kutoka pale nilimwangalia mama akimaliza la tatu.

Hapo ndipo mimi nilipoanza, vijana. Si kwa dawa. Dawa nilishajaribu; niliwahi kununua chupa mnadani, ya mizizi, niliyoambiwa itanirudisha miaka ishirini, ikanirudisha chooni siku tatu. Nilianza kwa yale niliyokuwa nimeyaona miaka yote na kuyachukulia kuwa ni vituko vya mzee. Maji kabla ya chai. Mdomo umefungwa wakati wa kupanda. Kuoga nilishaanza zamani, sasa nikaongeza kuoga na vumbi la moyoni kabla ya kulala, na kulala mapema kama kuku. Kuvikanda viungo na kuvishukuru. Uwele, kunde, karanga, mlenda, nyama siku ya wageni. Kwenda kupimwa hata kama sijisikii vibaya, kwa maana gogo halipigi kelele kabla ya kulegea, ni wewe ulifuate ukagonge. Na kila siku kubeba kitu ambacho nisipokibeba kuna mtu atakikosa. Nikiacha hicho cha mwisho, hivyo vingine vyote havinisaidii, nimejaribu.

Mama aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile. Kila nilipokwenda kumwamkia asubuhi tulikuwa na utani wetu. Nilimgonga begani kwa vidole viwili, nikainamisha kichwa kama Mzee Shija, nikasikiliza. Naye alisema, "Bado nimebana, gete," yaani kweli kabisa. Kisha ananiambia leo atabeba nini: ndama wa kupelekwa majini, kunde za kuchambua, mtoto wa jirani anayesumbua kula. Mwaka wa mwisho vilikuwa vitu vidogo sana. Wiki ya mwisho ilikuwa ni kuwaombea watu, na alikuwa na orodha.

Asubuhi ya mwisho nilimkuta amelala chali, amefunikwa vizuri, dirisha liko wazi, jembe lake limeegemea ukutani pale anapoliona. Nilimgonga begani. Alichelewa kujibu, nikainama zaidi. Akafungua macho akanitazama kwa muda, kwa furaha kabisa, bila hofu hata chembe.

"Legeza kabari, ng'wanawane," akasema. "Nimebeba."

Nikauweka mkono wangu wote begani kwake. Sikugonga tena. Tulikaa hivyo mpaka jua lilipofika kitandani, na wakati huo alikuwa ameshaondoka.

Sasa nimewaambia, na baiskeli mnaweza kuja kuiazima kwa haki. Ila msichelewe, kwa sababu wiki iliyopita binti yangu Kabula alinipigia simu kutoka Mwanza. Amejenga. Amenunua kochi, amenitumia na picha yake, kubwa, la rangi ya maziwa. Anasema, "Baba, umefanya kazi vya kutosha, njoo upumzike." Nilimshukuru mtoto wangu, nikamwambia nitakuja, ila kwanza aniambie nikifika nitabeba nini. Nikamsikia akifungua mlango wa nyuma. Kisha akasema kwamba nyuma ya nyumba kuna kiwanja kimemshinda, kimejaa magugu mpaka ukutani, na watoto wake hawajawahi kuona kunde ikiota.

Jembe la mama nimeshalifunga kwenye gunia. Basi linaondoka saa moja asubuhi.